Nilivyomwombea Mfalme Afunguliwe Ulimi

Jamani, acheni niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Mimi ni fundi cherehani, Mkongo wa mtaa wa Rosettenville. Juzi niliitwa hotelini kumpima joho mfalme mgeni kutoka Afrika Magharibi. Mfalme! Nilipanda lifti hadi chumbani kwake.

Nikamuuliza, "Mtukufu, mikono ya joho ifike wapi?"

Alimtazama mzee mwenye fimbo aliyesimama kando yake, na mzee akasema, "Mfalme anataka ifike kiganjani."

Nikauliza rangi. Mzee tena. Eish, nikaelewa: maskini, mtu mzuri hivi, kumbe bubu! Machozi yakanilenga. Kanisani kwetu mimi ndiye huongoza maombi, basi nikatupa chini futi yangu ya kupimia, nikamshika mfalme kichwa kwa mikono miwili, nikakemea, "Ulimi, funguka! Kwa jina la Yesu, ongea!"

"Mama, niachie kichwa," mfalme akasema.

Muujiza! Nikakimbilia nje nikipiga vigelegele. "Njooni muone! Mfalme bubu ameongea!" Wafagiaji wakaja, wageni wakatoka vyumbani, mlinzi akaja mbio.

Yule mzee akanifuata taratibu. "Mama, mfalme si bubu. Kwa desturi yetu hasemi na wageni moja kwa moja; mimi ndiye mdomo wake. Na kichwa chake, hata malkia hakigusi."

Nikageuka. Watu wote niliowaita walikuwa wamesimama, simu mikononi, wakingoja niwasimulie muujiza.