Mstari wa Ubongo wa Mama

Kazi yangu hapa Masasi ni kurekebisha mistari. Picha za ubongo zinapigwa mbali, kwa mashine ya MRI, kisha programu ya kompyuta inauzungushia kila ubongo mstari, kipande kwa kipande, ili ipimwe nyama yake imebaki na unene gani. Programu yenyewe ni mvivu. Mara inameza utando wa fuvu ikidhani ni ubongo, mara inakata nyama nzima. Mimi nafuta, nachora upya. Jicho hilo nililipata Newala, kwa kubangua korosho na mama: toa ganda la ndani, korosho yenyewe usiijeruhi.

Majalada huja na namba tu. Lakini mama alipopelekwa kupimwa, baada ya kusahau sufuria motoni na hata njia ya kisimani, kadi yake yenye namba niliishika mimi. Namba ile ilipotokea kwenye kompyuta yangu nilipaswa kulikataa jalada. Sikulikataa. Nani angemshughulikia mama yangu vizuri kuliko mimi?

Mstari ulikuwa umezama ndani mno, pande zote mbili, karibu na masikio. Niliitukana programu. Siku mbili nzima nikausogeza nje, mpaka ubongo ukajaa vizuri kama korosho isiyovunjika. Moyo ukatulia. Ripoti ingemfikia daktari, naye angesema ni uzee tu.

Msimamizi akanipigia simu.

"Dada, umechora maji ukayaita ubongo. Programu haikukosea. Hiyo nyama haipo."

Nikaangalia tena. Palikuwa peusi, rangi ya maji kwenye picha hizi, tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nimepaona. Nikamwambia ni mama yangu. Akasema jalada atalimaliza mwenyewe. Nilikasirika sana, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Jumamosi nikapanda gari kwenda Newala. Mama alikuwa barazani akichambua mbaazi, nzima na zilizotobolewa na wadudu akizitia kwenye ungo mmoja. Aliponiona aliinuka kwa shida, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," akaniamkia.

Mimi, mtoto wake wa kumzaa. Nilitaka kumsahihisha, maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa akingoja, na usoni ilikuwa imeanza kumwingia hofu ya mtu anayedhani amekosa adabu ugenini.

"Marahaba, mwanangu," nikaitikia.

Akaketi, ameridhika.