Feni Aliyoizima Mwalimu

Mwalimu alistaafu kabla hajachoka kufundisha, na hilo lilimuuma kuliko magoti. Kilichomrudishia uhai ni shule ya wasioona, iliyomwomba awasomee wanafunzi vitabu vya kiada na kuvirekodi. Chumba walichokuwa wakilala binti zake akakigeuza mahali pa kazi: magodoro yamesimamishwa ukutani yameze mwangwi, meza ya mbao, maikrofoni, na kompyuta ya zamani ambayo sanduku lake la bati lilikaa juu ya meza hiyohiyo, karibu na kiwiko chake. Humo alisoma jiografia, akasoma historia, na kila alipokosea neno alirudi nyuma akalisoma upya, maana mwalimu hata akiwa peke yake anajisahihisha. Watoto wasiomjua sura walimwita Mwalimu, na yeye hakutaka cheo kingine duniani.

Basi alipopeleka sura ya kwanza ya kitabu cha sayansi, ikarudi. Mkuu wa kurekodi pale shuleni, ambaye naye haoni na hupima kila kazi kwa masikio, alimpigia simu mwenyewe.

"Samahani, Mwalimu. Feni inasikika. Zamani ilikuwa kwa mbali, sasa imezidi. Watoto wanalalamika vichwa vinawauma."

"Nitaizima."

"Nitashukuru. Maana wakubwa huku wanasema ikishindikana, kitabu apewe msomaji mwingine mwenye studio."

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akinyang'anywa kitabu atabaki nini? Mstaafu wa kuulizwa hali na majirani. Siku hiyohiyo akazima feni.

Sasa hapa tusimcheke sana. Kwa Mwalimu, feni ni ile yenye mapanga, inayoning'inia darini. Lile sanduku la bati yeye aliliita mashine, na mashine kwake ilikuwa na akili tu, haikuwa na mapanga. Akazima feni ya darini, akafunga dirisha, akaziba upenyo wa mlango kwa kanga, akaketi kusoma habari za mvuke huku mwenyewe akitoa mvuke. Mume wake alipita mlangoni akamwona anajifuta shingo.

"Mke wangu, unasoma au unajipika?"

"Niache. Niko kazini."

Chumba kikawa tanuri, na kompyuta, ambayo nayo ina joto lake, ikazidi kuzungusha mapanga yake ipate kupumua. Kadiri Mwalimu alivyovumilia, ndivyo mvumo ulivyopanda. Sura ikarudi tena.

"Mwalimu, mbona imekuwa mbaya zaidi?"

"Haiwezekani," alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira. "Feni nimeizima. Nimekaa humu natoka jasho kama mpiga makasia. Feni gani tena?"

"Feni ya kompyuta, Mwalimu."

Alitazama darini, kisha akatazama sanduku lililokuwa likivuma kando ya kiwiko chake. Kikulacho ki nguoni mwako. Akaomba radhi, akapewa nafasi ya mwisho, akaweka simu chini na kuwasha feni ya darini hadi mwisho wa kasi yake.

Mume akamwita mdogo wake, fundi wa friji, mtu asiyeweza kuvuka kizingiti cha nyumba bila utani.

"Shemeji, nasikia umemfungia feni asiye na hatia," alisema akiingia na mfuko wa vifaa.

"Fanya kazi. Chai utainywa kulingana na matokeo."

Fundi alifungua sanduku akatoa vumbi kwa brashi, vumbi la kutosha kujaza mto wa mtoto. Mvumo ukapungua kidogo. Hapo angetulia asikilize mvumo uliobaki unatoka wapi, lakini fundi huyu haishiwi mbwembwe. Alikata sponji ya godoro akalivalisha sanduku lile kila upande, mpaka kwenye matundu ya hewa. Kukawa kimya. Mwalimu akasoma kwa raha, na alipokaribia mwisho wa sura, feni ikaanza kulia kama iliyokabwa, kisha kompyuta ikazimika yenyewe. Sura nzima ikapotea.

Mwalimu alimtazama shemeji yake kwa yale macho yaliyokuwa yakinyamazisha darasa zima, na fundi akaanza kubandua sponji bila kuambiwa.

"Nimeiziba pua," alikiri. "Friji ningeifanyia hivyo ningefukuzwa."

Mwalimu aliweka kiganja ubavuni mwa sanduku kupima joto. Kompyuta ilipowashwa tena mkono ukiwa bado hapo, alishangaa: mvumo ulikufa. Akaondoa mkono, ukarudi. Akaweka, ukafa.

"Njoo usikie," alisema. "Si feni inayopiga kelele. Ni bati."

Fundi naye akaweka mkono, akaondoa, akaweka. "Debe tupu haliachi kuvuma," alisema, na safari hii hakuwa anatania. Feni ilikuwa imebanwa moja kwa moja kwenye bati kwa skrubu. Ikitetemeka, bati linatetemeka, meza inafuata, na maikrofoni iko juu ya meza hiyohiyo.

Akakata tyubu ya baiskeli vipande vidogo, akavitia kati ya feni na bati, akarudisha skrubu bila kuzikaza kwa nguvu. Chini ya sanduku akaweka mpira mnene, na lenyewe wakalihamishia kwenye stuli, mbali na meza. Mwalimu akapanga kurekodi asubuhi, chumba kikiwa bado na ubaridi, na kati ya sura na sura awashe feni ya darini. Fundi alikunywa chai yake.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alisoma sura yote, kisha akajisikiliza. Mvumo haukuwapo. Lakini kulikuwa na kitu kingine. Mwisho wa kila sentensi ndefu sauti ilitetemeka, ikayumba kidogo kabla ya kufika kwenye nukta. Alirudia kusikiliza. Alikuwa ni yeye. Kumbe ule mvumo ulikuwa umemfichia uzee wake, na yeye ndiye aliyehangaika kuufukuza. Aliogopa, na aliona haya kwamba anaogopa. Alisoma upya kwa kukaza koo, ikawa mbaya zaidi. Mwisho akaituma ilivyo, akakaa karibu na simu.

Mkuu wa kurekodi hakuchelewa.

"Mwalimu, feni imeondoka. Safi kabisa. Endelea na sura ya pili."

"Na hiyo nyingine?"

"Ipi?"

"Usinifiche. Sauti yangu. Inatetemeka."

Mkuu wa kurekodi alishusha sauti.

"Inatetemeka tangu kitabu cha kwanza, Mwalimu. Niliisikia hata chini ya feni. Hiyo sikukuambia uizime."