Hasina na Mikorosho Iliyoponea Shoka

Saa kumi na mbili asubuhi, nje kidogo ya mji wa Makindu, Hasina Hamisi anasukuma toroli la samadi iliyooza kutoka zizi la mbuzi. Anapofika kwenye mkorosho wa kwanza, hamwagi chochote shinani. Anasimama pale ncha za matawi zinapoishia, anainua jembe na kuchimba mtaro mfupi kuuzunguka mti.

“Mti hauli kwa shingo,” anasema akicheka. “Mizizi inayokula iko huku nje.”

Hasina alizaliwa Msambweni, akaolewa huku Ukambani na Mikail, fundi wa baiskeli. Mwaka wa kwanza alilia jioni nyingi kwa kukumbuka kwao. Mikail akasafiri hadi pwani, akarudi na miche ya mikorosho kwenye gunia lililoloweshwa maji.

“Bahari singeweza kumletea,” anasema Mikail. “Nikaleta hiyo.”

Miche ikawa miti yenye kivuli kizuri, lakini haikuzaa. Kila mwaka maua machache yalichanua, yakapukutika. Ukame ulipozidi, Mikail akanoa shoka ili aikate, apande ndengu.

“Baba Ummi,” Hasina alimwuliza, “hii miti ulinipa au uliniazima?”

“Nilikupa.”

“Basi niachie.”

Kesho yake alimwendea Kalondu, afisa wa kilimo. Kalondu alikuja, akachukua udongo ukapimwe, kisha akatazama rundo la samadi mbichi lililoegemea shina.

“Mama Ummi, chakula umeleta, lakini umekiweka mahali mti haufikii,” alimwambia. “Tena hakijaiva. Unauchoma.”

Hasina alianza upya. Aliacha samadi ioze vizuri, na mvua za vuli zilipokaribia akaitia mtaroni pamoja na mbolea kidogo aliyopimiwa na Kalondu. Akafukia, akatandaza nyasi kavu juu. Matawi yaliyosongamana aliyapunguza.

Msimu ule hakupata hata korosho moja. Musyimi, jirani yake, alimwonea huruma: “Mama, hiyo miti ni ya kivuli tu.”

Mikail hakugusa shoka. “Niliona majani yamekuwa kijani kibichi kabisa,” anasema. “Nikachukua jembe, nikamsaidia.”

Mwaka uliofuata maua yalifunika matawi, nyuki wakavuma shamba zima. Asubuhi moja Mikail alimwita mkewe kwa kelele kama nyumba inaungua. Chini ya kila bibo jekundu, tunda la mkorosho, korosho ilining’inia.

Mavuno ya kwanza yalijaa debe moja. Hasina hakuuza. Alizikaanga uani, na Musyimi akaja akifuata harufu.

“Alikula akaniomba mche,” Hasina anasema. “Mimi nikaenda jikoni nikalia. Nilikuwa nimenusa nyumbani.”

Sasa anavuna magunia, lakini kubangua kunamtesa. Utomvu wa maganda umembabua vidole. Anataka kufungua kibanda cha korosho kando ya barabara ya Mombasa, wabangue pamoja na wanawake wa jirani. Mikail anamuundia mashine. Ya kwanza ilisaga korosho na maganda yake.

“Ya pili je?” wanaulizwa.

“Ilimbana kidole,” Hasina anasema, akimtazama mumewe kwa upendo. “Lakini hii ya tatu itabangua. Namjua.”