Mayai ya Bibi Halina na Maneno Niliyoyakata

Nisameheni kwanza kwa mwandiko. Naandika polepole, na herufi zangu zinalala upande kama watu wanaosinzia kwenye basi. Kuandika Kiswahili nilijifunza kambini, tulipokuwa wakimbizi, nikakiachia darasa la nne. Kwa hiyo mkikuta herufi iliyozidi au iliyopungua, songeni mbele tu, mtanielewa.

Juma lililopita dhoruba ilikata umeme hapa Beechmont, mtaa tunaokaa sasa. Ilikuwa asubuhi lakini giza lilijaa jikoni. Mama alikuwa anatwanga pilipili za kuweka kwenye chupa, siki imemwagika mezani, akawasha mshumaa ili aone kinu chake. Harufu ya siki na harufu ya nta zikakutana puani mwangu. Papo hapo nikawa na miaka kumi na mmoja tena, niko Buffalo, mji wetu wa kwanza Amerika, nimekaa katika ukumbi wa chini ya kanisa, nimekasirika.

Nilikuwa mtoto wa hasira za kimya. Nilikuwa na aibu, sauti yangu haikutoka mbele ya watu. Lakini nyumbani mimi ndiye niliyejua Kiingereza, kwa hiyo kila siku walinisemesha. Barua ya shule, mimi. Daktari wa meno, mimi. Mtu wa gesi akigonga mlango, Mama anaita toka chumbani: "Espe! Kuya hapa, anasema nini?" Nilichoka na maneno ya watu wazima kupita mdomoni mwangu kama maji kwenye bomba.

Tulikaa karibu na Grant Street, sisi chini, Bibi Halina juu. Alikuwa mzee wa Kiukraine, mrefu, mwenye kitambaa cha maua kichwani, aliyefagia theluji ya ngazi zetu kabla sisi hatujaamka. Alikuwa kiongozi wa chama cha wanawake wa Ukraine waliokutana katika ukumbi huo wa kanisa. Zamani kilikuwa chama kikubwa. Nilipokijua mimi, walibaki sita, na mmoja kati ya hao sita alilala kuanzia sala ya kufungua mpaka chai.

Siku moja Bibi Halina alishuka na barua mkononi, macho mekundu. Wakubwa wao wa Columbus walikuwa wameandika. Chama chenye watu chini ya kumi kitafungwa, na sanduku lake litapelekwa Columbus likatunzwe huko. Sanduku hilo nililiona: la mbao, refu kama kitanda cha mtoto, limejaa vitambaa vya kudarizi na mayai ya zamani yaliyochorwa. Ndani yake, juu kabisa, kulikuwa na blauzi ya mama yake. Bibi Halina hakuogopa kitu kingine chochote katika barua ile. Aliogopa kwamba blauzi ya mama yake itaondoka. Mjukuu wake mwenyewe alikuwa amekataa kujiunga, alisema hana nafasi, na kusema kweli alikuwa na nafasi ya kutazama simu tangu asubuhi.

"Bon," akasema Mama nilipomaliza kutafsiri. "Anataka wanawake. Wangapi?"

"Wanne."

"Wanne tu? Mwambie asilie. Jumapili nitamuletea."

"Mama, ni chama cha Waukraine."

"Na sisi ni nini? Sisi si wanawake?"

Wanne waliohitajika, Mama alileta tisa. Kwake chama cha wanawake kilikuwa kitu kimoja tu duniani: mwenzako ana shida, unavaa kitenge, unabeba sufuria, unaenda. Kama ungemwambia chama kina masharti angekuuliza masharti ya nini.

Mnaweza kufikiri jinsi ilivyokuwa. Bibi Halina alisema saa nane, akasimama mlangoni na saa yake. Mama na wenzake walifika saa kumi, wakiimba toka barabarani, na watoto migongoni, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, inayochemka bado. Wakasalimia kila mtu kwa kumkumbatia, hata yule aliyelala, akaamka kwa hofu. Wakala maandazi ya viazi ya Waukraine kwa pilipili. Bibi Halina alinivuta pembeni: "Waambie tuanze." Nikawaambia. Mama akasema, "Mwambie tumekwisha kuanza, hivi ndivyo tunaanza." Nikatamani kuingia ndani ya sanduku na kufunga kifuniko.

Halafu Bibi Halina akaweka sharti. Mgeni kutoka Columbus atakuja Jumamosi, siku nane kabla ya Pasaka, na hatahesabu viti tu. Atataka kuona kazi ya mikono. Kila mwanamke achore yai.

Kuchora yai kwao ni kazi ya subira. Unashika kijiti chenye kikombe kidogo cha shaba mwishoni, unakipasha kwenye mshumaa, unachota nta ya nyuki, unachora mstari juu ya yai jeupe. Unatia yai kwenye rangi iliyochanganywa na siki. Unachora tena, unatia kwenye rangi iliyokoza zaidi. Mwishoni unaliweka kando ya moto, nta inayeyuka, unaifuta, na rangi zote zilizojificha zinatokea. Mama Furaha, mwenye mdomo kuliko wote, alishika la kwake juu akasema, "Angalieni, kwetu yai linaliwa, huku linavaa kitenge! Na limenishinda, limevaa kipya!" Wakacheka mpaka mishumaa ikazimika. Lakini walichora. Mama alichora mahindi, na milima ya kwetu kwa mistari mitatu. Hakuinua kichwa kwa saa nzima, na mimi sikuwahi kumwona Mama amekaa saa nzima.

Mayai yakapangwa kwenye sinia jikoni mwa kanisa yakauke. Hapo ndipo Bibi Halina akasimama kusema. Alisema kirefu, kwa Kiingereza chake. Aligusa yai, akagusa kifua chake, akaonyesha sanduku. Wanawake wote wakanigeukia mimi. Ilikuwa jioni, nilikuwa na njaa, na kulikuwa na kipindi kwenye televisheni ambacho watoto wote darasani walikizungumzia ila mimi.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

"Anasema asante. Anasema mayai ni ya mgeni."

Mama akanitazama. "Yote hayo, asante tu?"

"Ndiyo."

Jumamosi Mama alifika ukumbini mapema kuliko siku zote, kwa mara ya kwanza katika maisha yake hapa Amerika, kumsaidia Bibi Halina kupokea mgeni. Akaona mayai kumi na kitu, mabichi, yamekaa siku sita nje ya friji karibu na bomba la joto. Mayai ya mgeni. Kumpa mgeni yai bichi, tena lililolala nje, kwake ilikuwa aibu ambayo ingefuata ukoo wetu mpaka kwetu Kivu. Akatafuta sufuria kubwa kuliko zote.

Mimi niliingia na Bibi Halina na mgeni mwenyewe, mama mpole mwenye miwani na koti la kijani. Tulisikia harufu kwanza. Siki, nta, na yai la kuchemsha. Mama alikuwa amesimama mezani, kitenge kipya, uso unang'aa, na mbele yake bakuli la mayai ya rangi ya matope. Rangi zilikuwa zimekimbiliana. Nta iliyokuwa imebaki kwenye maganda ilielea juu ya maji ndani ya sufuria kama ngozi ya maziwa. Pembeni aliweka chumvi, na pilipili.

"Karibuni," akasema. "Espe, mwambie yameiva vizuri."

 Bibi Halina alitembea mpaka kwenye bakuli. Alichukua yai moja, akaligeuza. Mistari mitatu ya milima ilionekana kidogo. Nikafikiri atapiga kelele. Badala yake akalipasua mezani, akalimenya, akalitia chumvi, akala lote akiwa amesimama, akimtazama Mama. Halafu akasema neno moja.

"Anasema nini?"

"Asante," nikasema. Safari hii ilikuwa kweli.

Mgeni naye alikula moja. Alikuwa mtu mzuri, sitamlaumu. Lakini alieleza kwamba chama hakiwezi kuhesabiwa hivi, kwamba vitu vya zamani vinahitaji watu wanaojua ni vya nini. Saa tisa sanduku lilikuwa ndani ya gari lake. Mama alisaidia kulibeba, alifikiri linaenda kutengenezwa. Alipoelewa, njiani kurudi, kwamba sanduku halirudi tena, alisimama ghafla kando ya duka la mboga. "Ulisema mayai ni ya mgeni," akaniambia.  Miaka mingi nilimwacha aamini kwamba kosa lilikuwa lake.

Jumapili iliyofuata Bibi Halina alikuja kwenye mkutano wa akina mama wetu. Alifika saa nane kamili, akakaa peke yake saa mbili. Mama akaandika jina lake kwenye daftari, baada ya Mama Furaha. Mwaka uliofuata Baba alipata kazi ghalani Jeffersontown, karibu na hapa, tukahama. Tulipopita Columbus niligandamiza uso kwenye kioo cha gari, kana kwamba ningeliona lile sanduku kwenye dirisha la mtu.

Sasa ni Mama anayetafuta wanachama. Wasichana hawaji, wana kazi, wana simu. Mimi pia nilimwambia nimechoka. Na mwezi uliopita nilimpeleka kwa daktari pamoja na mdogo wangu Grâce, nikaona Mama anaeleza maumivu yake kwa mikono miwili, tangu yalipoanza, tangu ule mzigo alioubeba siku tulipokimbia, na Grâce akamwambia daktari, "Mgongo unauma." Nilitaka kumpiga kofi. Halafu nikakumbuka ni nani aliyeanza.

Kwa hiyo asubuhi ile ya dhoruba, kwenye mshumaa, nilimwambia Mama yale niliyoyakata. Bibi Halina alisema yai halichemshwi kamwe, linaachwa na uhai wake ndani, likauke lenyewe kwa miaka. Alisema mama yake alichora hivyo katika kambi ya wakimbizi, baada ya vita, na ile blauzi aliishona humo kwa nyuzi alizofumua kwenye magunia, na yeye Halina alizaliwa humo. Kambini. Kama Grâce wetu.

Mama aliacha mtwangio ndani ya kinu. "Kambini," akasema.  "Na mimi nilimuonea huruma kama mtu wa hapa. Espe, donc, kumbe nilikaa na mwenzangu miaka miwili, na hukuniambia."

Kulikuwa na maneno mengine. Bibi Halina aliongea kirefu kuliko haya, na mimi sikusikiliza yote, nilikuwa nafikiria televisheni. Namba yake ya simu haiiti tena. Kama kuna mmoja wenu aliyemjua pale Buffalo, au ambaye bibi yake alichora mayai hayo, tafadhali niandikieni mniambie alichokuwa anasema. Andikeni hata kwa herufi mbaya kama zangu, nitamsomea Mama. Ila msifupishe.