Urafiki Uliofungiwa Kabatini

Jumatatu nilipanga foleni katika ofisi ya elimu hapa Bukoba. Mbele yangu alikuwa mama mmoja kutoka Kaagya, mhitimu wa kisomo cha watu wazima. Alifungua kifurushi cha jani kavu la mgomba, akamkaribisha karani kahawa ya kutafuna. Karani akatia punje mbili mdomoni.

"Nimekuja kuazima kitabu," mama akasema, akionyesha kabati la vioo lenye vitabu tulivyoletewa na Wachina.

"Vile ni vya Kichina, mama."

"Najua."

"Ni zawadi ya urafiki, si vya kugusa. Na Kiswahili chenyewe umejua kukisoma mwaka huu!"

"Mwaka jana hata herufi a sikuijua. Mkatuambia mtu mzima hashindwi kujifunza. Sasa nimeshindwa lini?"

Foleni ikacheka. Mama hakucheka.

"Kwetu Wahaya urafiki hutafunwa, mwanangu. Kahawa yangu iko mdomoni mwako. Iteme, au fungua kabati."

Karani akaacha kutafuna, akatutazama. Kutema kahawa ya mtu mbele ya foleni nzima ya Wahaya ni kumkana hadharani. Akatoa ufunguo.

Mama akachagua kitabu kinene kuliko vyote, akakifunga kwenye kanga. Mlangoni nikamuuliza nani atamsomesha.

"Si aliyekileta? Rafiki gani huyo asiyekuja kunitembelea?"

Mimi niliishia darasa la nne, na kichwani bado kuna nafasi. Karani ajiandae: kesho narudi na kahawa yangu.