Miguu ya Tangi la Hulugho

"Sijasema chuma kitakatika, abti. Nimesema kitapinda!"

Mjomba wangu alicheka. Ana karakana ya kuchomelea hapa Garissa, na stendi ya tangi la maji aliyomtengenezea mfugaji wa Hulugho ilikuwa imesimama nje, rangi bado mbichi. Lori linakuja kuichukua kesho asubuhi.

"Jana ulisema iko sawa. Hiyo laptopu yako imelala vibaya?"

"Jana sikujua miguu yake haichimbiwi ardhini!"

Tangu nimalize kidato cha nne najifundisha programu ya kupima vyuma. Unachora stendi, programu inaigawanya vipande vidogo vidogo, unaiambia uzito wa maji, inakupa namba. Juu ya moja, miguu inabeba. Chini ya moja, miguu inapinda kabla tangi halijajaa. Mimi niliiambia miguu imeshikwa na simiti, kama stendi zote za hapa mjini. Namba ikaja karibu tatu, nikajigamba. Leo tukinywa chai abti akasema wale watu wa Hulugho wanahama na mvua, kwa hivyo stendi inawekwa tu juu ya mawe bapa. Nikabadilisha hicho kitu kimoja. Namba ikaanguka chini ya moja.

Nilichukua rodi mpya ya kuchomelea, nikaisimamisha mezani, nikaikandamiza na kiganja. Ikabetuka kando. Nikampa yeye. Ikabetuka tena.

"Imekatika?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa, akairudisha mezani.

"Na watoto watakaa hapo chini, abti. Huko kivuli kingine kiko wapi?"

"Haya, nikingamishe vyuma kati ya miguu. Sasa mbuzi wapite wapi kunywa? Na wakihama, wabebe mnara mzima kwa ngamia?"

Wallahi, hilo lilikuwa swali la maana. Nikarudi kwa laptopu, nikaweka vyuma vya mshazari pande tatu, wa nne nikauacha wazi. Namba ikapanda ikapita hata ile ya kwanza.

"Pande tatu, kwa bolti. Wakihama wanafungua."

Aliangalia picha, akaangalia stendi nje.

"Na dereva wa lori? Yule hangoji mtu."

"Atangoja."

"Basi umwambie wewe. Mimi mdomo wake siuwezi."

Sawa. Kesho nikishaswali alfajiri naenda karakana kabla dereva hajafika, nashika drili na kuanza kutoboa miguu mwenyewe. Akitaka kupiga honi, apige. Stendi haipandi lori bila hivyo vyuma.