Mita Mbili Hazitoshi Dera

Kitabu changu cha kwanza kilifika Ukunda kwa basi, ndani ya katoni iliyofungwa kamba mara nne. Sikuweza kungoja nifike nyumbani. Niliikata kamba palepale nje ya ofisi ya mizigo, nikatoa nakala moja, nikainusa kama mtu anayenusa mkate mpya. Jina langu lilikuwa pale juu ya jalada. Nikacheka peke yangu, watu wakaniangalia.

Nilijua nani wa kumwonyesha kwanza. Kwetu Kombani kuna mama mmoja fundi wa kushona. Nyumbani kwangu tulikuwa wengi na kelele haziishi, na siku moja alinikuta nimekaa kwenye ngazi za duka lake nikiandika juu ya magoti. Akanisogezea ncha ya meza yake ya kukatia nguo. "Kaa hapa, mwanangu. Mgongo si wa kuazima." Nikakaa pale kila jioni nikitoka kazini, miaka miwili mizima, na hakuniuliza hata mara moja ninaandika nini.

"Shikamoo, mama. Kimetoka!"

"Marahaba." Alifuta chaki mikononi, akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku. "Mashaallah. Haya, nisomee. Mimi na herufi hatukupatana."

Miaka miwili, na sikuwa nimelijua hilo. Nilisoma. Wanawake watatu waliokuja kuchukua nguo zao wakakaa kwenye benchi kusikiliza. Cherehani ikanyamaza. Nilipofika pale mama wa bibi harusi anaponunua kitambaa cha mita mbili ashonewe dera, fundi akainua mkono.

"Ngoja. Huyu si ndiye uliyesema ni mrefu, tena mnene, mlango anaingia kwa ubavu?"

"Ndiye."

"Na dera la mita mbili?" Akavuta tepu shingoni, akapima hewani, mabega, kifua, mpaka chini, kana kwamba yule mwanamke amesimama mbele yake. "Wallahi litamfika magotini. Unataka kumwaibisha harusini kwa mwanawe? Mpe mita nne, maskini!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mimi uso uliniwaka moto. Nilikuwa nimeyasoma maneno yale mara nyingi nisizozikumbuka, na baada yangu wahariri walioelimika walikuwa wameyasoma, na hakuna aliyeliona kosa. Kisha furaha ikanipanda ghafla mpaka nikashindwa kuendelea kusoma. Mwanamke niliyemtunga kwenye ncha ya meza ile alikuwa na mwili! Alikuwa na mabega yanayopimika, na kulikuwa na mtu anayemwonea huruma asije akaaibika.

Nikatoa kalamu, nikakata "mbili" na kuandika "nne" mbele ya macho yao.

"Sasa endelea," fundi akasema. "Harusi ilikuwaje?"

"Mama, ni kitabu kizima. Nitakuja kesho."

Akamgeukia mteja wa kwanza. "Umemsikia? Basi na nguo yako kesho."

Wale wanawake wakanishika mikono, wakanirudisha kwenye kiti. Mmoja akatoka akarudi na chai ya tangawizi na mahamri, niwe na nguvu ya kusoma. Nilisoma mpaka alasiri ikaadhiniwa, sauti ikanikauka, na tulipofika kwenye harusi fundi alipiga kigelegele kikasikika ng'ambo ya barabara. Watu wakaja kuuliza nani kaolewa.

"Ingieni," akawaambia. "Mwandishi wetu anasoma."

Wetu. Nilikwenda nyumbani karibu nikikimbia, katoni kichwani, na kabla sijavua viatu nilikuwa nimeshafungua daftari jipya na kuandika sentensi ya kwanza.